Usinunue mifuko bado

Assalaam alaykum shekhe wangu, za huko Wete, mvua zinasemaje? Meseji yako n'meipata, kwamba mashine ya kuvuta vumbi la mbao hapo karakana haivuti na ushaambiwa ununue mifuko yote mipya ya filta. Tafadhali usinunue kitu bado, mifuko ile ghali na kuifikisha Pemba ni gharama nyengine, na mashine kutovuta si lazima iwe mifuko.

Tazama geji kwanza, ile ya presha yenye vijibomba viwili vya mpira, kimoja kinatoka upande wa vumbi na chengine upande wa hewa safi. Vichomoe kwenye geji uvipulize maana huziba vumbi halafu geji ikakudanganya, ila usipulize vikiwa vimeungwa utaiua geji yenyewe. Mashine nyingi za namna hii zikiwa nzima husoma baina ya inchi 2 na 5 za maji, ndo kipimo cha tofauti ya presha baina ya pande mbili zile. Ikipanda sana kupita hapo na kuvuta kumelegea, hapo kweli mifuko imeziba au hewa ya kompresa, ile inayopigwa kuikung'uta vumbi, haifanyi kazi yake. Lakini geji ikiwa chini na mashine bado haivuti mifuko haina kosa, tafuta kwengine, pengine mkanda wa feni unateleza, bomba limeziba maranda kwenye kona, au feni inazunguka kinyume. Hili la feni linawapita mafundi wengi kwa sababu feni ile hata ikizunguka kinyume bado inasukuma hewa upande ule ule ila kidogo, basi mtu akisikia upepo anaona iko sawa. Na wewe umesema tabu imeanza baada ya mota kufunguliwa nyaya, mie hapo ndo napashuku zaidi, nyaya mbili za fezi, zile zinazoleta umeme, zikibadilishana nafasi tu mota inageuka. Kwenye kasha la feni kuna mshale, angalia inazunguka kuufata au kuukimbia.

Halafu maji. Huku visiwani kwetu hewa ina unyevu mwaka mzima, masika ndo usiseme, na kompresa inayakusanya maji yale na kuyapiga ndani ya mifuko, vumbi la mbao likawa kama uji uliogandia kitambaani na halitoki tena. Mwaga maji ya tangi la kompresa kila asubuhi kabla kazi haijaanza, na presha ya kukung'uta iache kwenye 80 mpaka 90 psi, watu wanaipandisha wakidhani ndo itasafisha vizuri kumbe wanachana mifuko. Sikiliza mlio wake, unatakiwa uwe mkavu wa ghafla, pah, ukisikia fyuuu ya muda mrefu ujue daiaframu, kile kiwambo cha mpira ndani ya vali ya hewa, imetoboka na hiyo ni rahisi kuliko mifuko. Jioni mkishazima misumeno iachie mashine ijikung'ute kidogo ndo uizime.

Na vijana wako wasiipige mifuko kwa fimbo wala kuifua fua, ule utando mwembamba wa vumbi juu ya kitambaa ndo unaozuia vumbi jembamba kabisa lisipite, mfuko usio na utando huo unalipitisha. Ukiona vumbi linatoka kwenye bomba la hewa safi ndo utafute mfuko uliochanika.

Nakusisitizia yote haya kwa sababu ya vifua vya vijana wale. Vumbi la mbao IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, imeshaliweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binaadamu, hasa ya puani. Na linaripuka pia, Februari 2008 kule Georgia, Marekani, kiwanda cha Imperial Sugar kiliripuka kwa vumbi la sukari tu lililorundikana, watu 14 wakafa. Kwa hivyo usiache vumbi lijae kule chini ya mashine, litoe kila siku, na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, usikatwe hata mara moja.

Ukishaangalia ule mshale nipigie hata kama usiku, na kabla hujafungua chochote zima swichi kubwa na ufunguo ukae mfukoni mwako mwenyewe. Nisalimie mama na watoto.