Barua kuhusu Muker na konde la juu

Leeds, 28 Juni

Kwa Baba na Mama, Matamba

Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Dada ameniambia jalidi imeunguza viazi vya bondeni. Poleni sana. Fedha ya mbegu nimeituma kwenye simu ya Mama. Naomba mnijulishe ikifika.

Baba, uliniuliza juu ya yule mtu anayetaka kununua konde la juu ajenge nyumba za kulala wageni. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa likizo, na huko nimeona mambo yanayogusa swali lako. Nivumilie nieleze kwa kirefu.

Nilikwenda kijiji kiitwacho Muker, kwenye bonde la mto Swale, kaskazini mwa Uingereza. Unapanda treni hadi Darlington, basi hadi Richmond, kisha basi dogo linalopita katikati ya kuta za mawe. Nyumba zote ni za mawe ya kijivu. Kuna kanisa, baa, mkahawa na duka la nguo za sufu, na ukimaliza hapo unaingia malishoni. Mwezi huu jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo nilikuwa natembea hata baada ya chakula.

Kuta zao ungezipenda. Zimepangwa mawe matupu, bila saruji wala udongo, zinapanda mlima hadi juu kabisa, na karibu kila konde lina banda lake la mawe. Zamani ng'ombe walikaa sehemu ya chini ya banda majira yote ya baridi, hei, yaani nyasi kavu za kuwalisha, ikawekwa darini, na samadi ikarudishwa kwenye konde lilelile. Kondoo wana uso mweusi na pua nyeupe, madume na majike wote wana pembe. Nilisikitika kusikia kwamba bei ya sufu mara nyingi haifikii hata gharama ya kumnyoa kondoo. Siku hizi wanafugwa kwa ajili ya nyama.

Lakini kilichonishika ni maua. Makonde ya hei ya Muker mwezi wa sita yamejaa njano, zambarau na nyeupe, na nilipoyaona niliiona hifadhi yetu ya maua ya Kitulo ya mwezi wa pili. Tofauti ni kwamba haya yapo kwa sababu ya kazi ya mkulima. Wanaondoa kondoo mapema, wanaweka samadi kidogo tu, na hawakati nyasi mpaka mbegu zimedondoka, katikati ya Julai au baadaye. Kuna mmea mmoja wa ua la njano ambao mizizi yake hunyonya nyasi za jirani, nyasi zinapungua nguvu na maua mengine yanapata nafasi. Mbegu zake zikikauka zinalia ndani ya vifuko, na wazee walikuwa wakisikia mlio huo wanajua wakati wa kukata umefika. Serikali huwalipa wakulima wanaokubali kuchelewa kukata, kwa sababu makonde ya namna hii yamekwisha: tangu miaka ya 1930 Uingereza imepoteza takribani asilimia 97.

Na kila mtu anaruhusiwa kupita. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri kuzichora njia za miguu za umma kwenye ramani, hata zile zinazokatiza shamba la mtu. Ukutani wameacha upenyo mwembamba ambao mtu anapita na kondoo hapiti. Kibao kinakuomba utembee mstari mmoja, kwa kuwa nyasi ni mazao. Watu wanatii, hata watoto.

Mama, hili ni lako. Kanisa la Muker lilijengwa mwaka 1580. Kabla ya hapo wafu wa bonde la juu walibebwa hadi kanisa la Grinton; kutoka Keld, kijiji cha juu bondeni, ni kama kilomita 25, safari ya siku mbili, ndani ya jeneza la fito za kusuka ili liwe jepesi. Kwenye daraja la Ivelet bado lipo jiwe walilopumzishia jeneza. Nilipofika pale nilimkumbuka Bibi, tulivyopokezana mabegani kwenye utelezi ule, nikawaombea watu ambao sikuwajua.

Sasa jibu langu, Baba. Mama mwenye nyumba niliyofikia alizaliwa bondeni humo. Mwanawe anachunga kondoo wa familia, lakini analala mjini, anaendesha gari kila alfajiri, kwa sababu nyumba za kijijini zimenunuliwa na watu wanaokuja majuma machache kwa mwaka. Bei imempita. Migodi ya madini ya risasi ilipokufa karne ya 19 watu walihama kwa kukosa kazi; huyu kazi anayo, hana pa kulala. Mama huyo alinieleza hayo huku akinimiminia chai, nami ni mgeni ninayelipa, na sikuwa na neno la kumwambia.

Kwa hiyo usimwuzie yule mtu. Wageni wa Kitulo watazidi kuja na siwapingi. Kama anataka kujenga, mpangishe kipande cha karibu na barabara kwa miaka maalumu, kwa maandishi, mbele ya serikali ya kijiji, na kodi ipande. Kipande chenye nyasi kibaki cha ng'ombe. Naomba pia vijana wasichimbe chikanda, vile viazi vya maua ya okidi, humo, hata wanunuzi wa Zambia wakiongeza bei, maana wakishang'oa kiazi hakuna ua mwakani. Na mdogo wangu akioa, ajenge palepale juu.

Nitapiga simu Jumapili mkitoka ibadani. Mwambieni Baba Mdogo asisaini karatasi yoyote kabla hatujazungumza, na aniulizie ada ya kupima konde halmashauri ni kiasi gani, nitailipa mimi.

Msalimieni Shangazi na majirani wote.

Mtoto wenu,
Tumaini