Urea bustanini tupime kwa kizibo, si kwa konzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaolima mchicha, chainizi na nyanya nyuma ya nyumba, hasa huku milimani. Vuli ikikaribia, urea humwagwa kwa konzi ili mboga zinenepe haraka. Tafadhali, tuache.

Udongo wetu mwingi ni kichanga kilichotokana na mawe haya haya ya Mwanza, haushiki mbolea. Mvua moja kubwa huzamisha naitrojeni, kirutubisho cha urea, mbali na mizizi. Fosforasi ya samadi na mbolea nyingine, inayong'ang'ania chembe za udongo, huteremka na tope hadi Mto Mirongo na kuishia Ziwa Victoria, inastawisha mwani na magugu maji.

Tuta la mita 1 kwa 5 linatosheka na debe moja na nusu la samadi iliyooza, ichanganywe na udongo wiki mbili kabla ya kupanda. Samadi ya kuku ikiwa mbichi huunguza miche, iache ioze walau miezi miwili. Kwa mboga za majani, ukiwa na samadi nzuri, mara nyingi DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, haina kazi.

Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo gramu 50 zinatosha tuta zima: kama vizibo 10 vya soda vilivyojaa. Weka vitano wiki ya tatu baada ya kupanda, vitano vingine wiki tatu baadaye. Chimba kifereji cha sentimita 5 kando ya mstari, nyunyiza, fukia, mwagilia kidogo. Ikibaki juu ya udongo wenye unyevu, hugeuka amonia na kupotelea hewani. Ndiyo sababu pia majivu yasichanganywe na urea wala samadi mbichi: huharakisha upotevu huo.

Nyanya ikioza kitako, wengi huongeza urea, na hapo ndipo mambo huharibika zaidi. Tunda limekosa kalsiamu, mara nyingi kwa sababu maji yanatolewa leo mengi, kesho hakuna. Mwagilia kwa kiasi kilekile, tandaza nyasi kavu. Urea ikizidi, mnyanya huota majani tu.

Kwenye mteremko, matuta yapite kukingama, na ukingo wa chini upandwe mabingobingo yashike tope. Mawingu makubwa yakionekana, mbolea ibaki ndani mpaka mvua ipite.

Mkulima wa bustani,
Mabatini, Mwanza