Wabeba boksi wa ughaibuni waseme ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno ambalo hapa Mbeya hutamkwa kwa kicheko, nalo ni "mbeba boksi", jina wanalopewa Watanzania wanaofanya kazi za sulubu ughaibuni. Kwa miaka sita nilibeba boksi kwelikweli, katika ghala la vyakula vilivyogandishwa mjini Chicago, Marekani, na sasa nimerudi nyumbani Uyole.

Sisi wa Nyanda za Juu hudhani tunaijua baridi kwa kuwa kila Juni na Julai sakitu huunguza viazi vya Makete, nami niliondoka na imani hiyo. Ghalani kulikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na humo ndimo nilimopanga boksi za kuku na samaki tangu saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa glavu mbilimbili, nikitoka mara kwa mara kupasha moto vidole vilivyokuwa vimekufa ganzi. Tarehe 30 Januari 2019 baridi ya nje ilifika nyuzi 30 chini ya sifuri, ikawa tunaingia kwenye friji kutafuta joto. Nikisimulia hapa watu hucheka. Siku ile hakucheka mtu.

Hata hivyo, kilichonielemea kuliko boksi ni simu. Nilipotoka kazini asubuhi, Mbeya ilikuwa saa tisa alasiri na ujumbe ulikwisha kujaa: ada, bati, mbolea, msiba. Kima cha chini cha mshahara katika mji ule kilikuwa wakati huo dola 12 kwa saa. Ndugu zangu waliizidisha kwa shilingi 2,300, wakapata utajiri, wala hawakutoa kodi ya chumba, nauli, gharama ya kupasha nyumba joto na siku ambazo sikuitwa kazini, ambazo hazikulipwa. Siwalaumu, maana hesabu hiyo niliwapa mwenyewe: nilituma picha nimeegemea gari la mwenzangu, nikasema niko "ofisini".

Nilidanganya kwa kuliogopa neno hilo "mbeba boksi". Mpakiaji wa viazi vya lumbesa hapa Uyole (na lumbesa yenyewe, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni wizi wa mchana kweupe, lakini hilo lina barua yake) hamfichi mkewe kazi anayoifanya. Babu yangu alikwenda manamba kukata mkonge Tanga, akarudi na makovu ya miiba, akatuonyesha wajukuu zake moja baada ya jingine. Mimi, mjukuu wake, nilinunua suti ya kushukia uwanja wa ndege wa Songwe.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenu wa vichekesho waliache neno hilo, na wenzangu walioko huko wapige picha wakiwa na glavu zao, waeleze na kodi wanayolipa. Uongo wetu una gharama huku. Mwezi uliopita jirani yangu alitaka kuuza ekari mbili za viazi ili mwanawe apate nauli ya kwenda kufanya kazi ya "ofisini" kama yangu. Nimemsihi mzee huyo asubiri, na kijana huja kwangu jioni kunisikiliza. Bado hatujafika kwenye habari za Januari.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya