Msimtoe nje mtoto wa paka usiku wake wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi wenzangu, hasa wakati huu shule zinapofunga kwa likizo ya Juni. Mimi ni fundi wa kushona nguo hapa Ngamiani, Tanga. Dukani kwangu nimefuga paka tangu nilipoanza kazi hii, maana panya na vitambaa havikai pamoja. Panya akishalala usiku mmoja ndani ya jora la kitenge, hasara yake hailipiki. Basi paka wangu wanazaa, na watoto wa mtaa wanalijua hilo. Likizo ikifika tu wanajaa mlangoni: "Shikamoo bibi, tunaomba paka." Nawapa, na napenda kuwapa. Lakini kila likizo wapo wanaorudi kesho yake na boksi mkononi, macho yamewavimba: "Bibi, baba kasema tumrudishe, kalia usiku kucha." Wengine hawarudi na boksi. Usiku uleule paka alitolewa nje, mlango ukafungwa, na kulipokucha hakuonekana tena.

Hilo la kutolewa nje ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mtoto wa paka wa miezi miwili hafiki hata kilo moja. Usiku mitaani kwetu kuna mbwa, kuna mashume wanaogombania majalala, kuna pikipiki, na mwezi huu wa sita kipupwe kimeshaingia. Joto la mwili wa paka ni nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya letu sisi, na kiumbe mdogo namna ile hupoa haraka. Tangu azaliwe amelala akiwa amebanana na nduguze tumboni kwa mama yao. Leo ndiyo mara ya kwanza analala peke yake, tena katika nyumba ambayo hajui harufu yake wala sauti zake. Analia kwa sababu anamwita mama yake. Kilio kile kina kazi: kitoto kikipotea kikalia, mama hufuata sauti mpaka alipo, akambeba kwa ngozi ya shingo, akamrudisha. Huyu wako hajui kwamba safari hii mama hawezi kuja. Ukimtoa nje ataendelea kumwita, na watakaomsikia huko nje si mama yake.

Kwa hiyo naposikia mtu anasema "paka huyu ni mkorofi" kwa sababu ya kilio cha usiku mmoja, inaniuma. Mtoto wako mwenyewe ukimpeleka kwa shangazi asiyemjua, usiku wa kwanza utamkuta amejikunja kitandani analia. Hutamwita mkorofi.

Jambo la kwanza ni umri. Watu wanamtaka paka angali hajafumbua macho vizuri, eti akulie mikononi mwao. Macho hufumbuka kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Chakula kigumu huanza kukionja kwenye wiki ya nne hivi, na hapo bado ananyonya. Mimi simwachii mtu paka kabla ya wiki nane, hata mtoto agaregare mlangoni. Kuanzia wiki ya pili mpaka ya saba hivi ndipo paka anapojifunza kwamba binadamu si adui, na anajifunza hayo akiwa bado na mama. Wangu wanashikwashikwa na wateja, wanasikia cherehani, redio na adhana, kwa hiyo wakitoka hapa hawashtuki kila mtu anapokohoa. Wale wanaookotwa kule soko la samaki la Deep Sea, waliozaliwa nyuma ya matenga na hawajawahi kuguswa, wanahitaji subira zaidi. Ukiokota wa namna hiyo usimhukumu kwa usiku mmoja wala kwa wiki moja.

Halafu kuna hili la gunia. Wazee wetu walizoea kumtia paka kwenye gunia ili asiijue njia ya kurudi kwao. Mtoto wa wiki nane hana njia ya kukariri. Unachompa ni giza na kukosa hewa, na anafika kwako ameshajifunza kwamba mikono yako ni ya kuogopa. Mbebe kwenye kikapu au boksi lenye matundu, chini umtandikie kitambaa. Na wengine wakishafika nyumbani humfunga kamba kwenye mguu wa kitanda asitoroke. Sisi tuliopita madrasa tulifundishwa tangu wadogo habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Sioni vipi tunaisimulia kwa watoto halafu tunakata kamba ya kumfunga paka. Kamba ile pia humnyonga akiruka juu ya kitu.

Mchukue asubuhi, usimchukue magharibi. Akifika mchana anapata saa kadhaa za kunusa na kutazama kabla giza halijaingia. Na usimwachie nyumba nzima. Mpe chumba kimoja, kidogo, kilicho kimya. Nyumba zetu za Kiswahili zina vyumba pande mbili na ukumbi katikati, watu wanapita toka alfajiri, kwa hiyo ukumbini si pahali pake. Lilaze boksi ubavu, liwe na mdomo mmoja, ndani tandika kitambaa. Kitambaa chenyewe ndicho siri yangu kubwa: siku chache kabla ya mtoto kuondoka naweka mabaki ya flana au kanga kuukuu pale mama anapolala, yakolee harufu yake, kisha nampa mchukuaji. Paka anamjua mwenzake kwa pua. Akikuta harufu ya mama ndani ya boksi, nusu ya hofu inapungua. Msikifue kitambaa hicho hata kikichafuka, angalau wiki ya kwanza.

Usiku wa baridi jaza chupa ya plastiki maji ya moto ya kuogea, si ya kuchemka, ifunge vizuri, izungushie kitambaa kizito, uiweke upande mmoja wa boksi. Upande wa pili uwe wazi ili akiona joto limezidi asogee. Wapo wanaoogesha paka siku ileile ya kwanza kwa sababu ya viroboto. Jamani, msifanye hivyo. Mtoto aliyelowa hupoa haraka kuliko mnavyodhani. Chukua chanuo la meno ya karibukaribu, mchane taratibu, viroboto uvitumbukize kwenye maji ya sabuni. Na dawa ya viroboto ya mbwa msimtie hata chembe: nyingi zina permethrini, sumu ya kuulia wadudu, na permethrini humuua paka.

Chakula, mpe kilekile alichokizoea kwao, hata kama wewe una mpango wa kumlisha kingine baadaye. Wangu wanakula samaki wa kuchemsha aliyetolewa miba, bila chumvi wala kitunguu, au kuku. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu ya paka, kwa hiyo mchuzi wa nyumbani si wake. Mpe kidogo kidogo mara nne kwa siku, tumbo lake ni dogo. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu hukimbilia kumpa, ndiyo yanayoharibu usiku wenyewe. Paka akiacha kunyonya, uwezo wa tumbo lake kusaga sukari ya maziwa hupungua, anaharisha, na mwili mdogo hukauka maji upesi. Mpe maji safi, basi. Mchanga wa haja uwe kwenye beseni fupi, kona ya mbali na chakula, kwa sababu paka hapendi kujisaidia pale anapokula. Maranda ya seremala yanafaa pia. Akishaamka na akishakula mweke juu ya mchanga, atakuna mwenyewe.

Sasa watoto. Najua wanatamani kumbeba wote kwa pamoja, kila mmoja avute upande wake. Waambie wakae chini sakafuni, wasimkimbize, paka awafuate. Akijificha uvunguni mwacheni uvunguni. Kumvuta kwa mguu atoke kunabomoa kila kitu. Nimeona mvulana wa darasa la pili akilala kifudifudi karibu na kitanda, akisoma kitabu chake kwa sauti, hata hamtazami paka. Kabla hajamaliza ukurasa paka alikuwa ananusa kisigino chake. Kijana yule hakuwa amefundishwa na mtu, na hakuna mtu mzima niliyemwona akifanya vizuri kuliko yeye.

Usiku wenyewe uko hivi. Saa tatu hivi mchezeshe mpaka achoke, kisha mpe chakula cha mwisho. Paka akicheza akala, hujilamba, halafu hulala. Ndiyo mpangilio wake. Saa nne taa zikizimwa huenda akaanza kulia. Hapa watu hawakubaliani. Wapo wanaosema mwache alie mpaka achoke, ukimjibu umemdekeza. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa usiku wa kwanza. Boksi lake liweke karibu na kitanda, kiasi kwamba ukinyoosha mkono unafika. Akilia, teremsha mkono, mwache aunuse, sema naye kwa sauti ya chini. Huna haja ya kumbeba na kuzunguka naye nyumba nzima wala kuwasha taa kila dakika. Anataka kujua tu kwamba kuna kiumbe hai karibu. Ukisikia anaunguruma kifuani, ameshatulia. Kwa kawaida usiku wa pili kilio kinapungua, na wa tatu unaweza usikisikie kabisa. Huo ndio muda ambao baba anaombwa avumilie.

Mlango ufungwe, na kabla ya kulala pitia chumba. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe, mtoto wa paka akitumbukia hawezi kutoka. Jiko la mkaa lisiachwe na majivu ya moto, kwa sababu atafuata joto. Chandarua kikunjwe juu, atakipanda na kucha zitanasa. Sumu ya panya iondoke nyumbani kabisa kabla paka hajaingia, kwa kuwa hata panya aliyekula sumu anaweza kumdhuru paka akimla. Na vidonge vya parasetamoli, vile tunavyomeza tukiumwa kichwa, msimpe paka kamwe mkidhani mnamtuliza. Kimoja tu kinaweza kumuua paka mkubwa.

Mafundi wenzangu nina neno lao peke yao. Ulimi wa paka una vijiba vinavyoelekea kooni, ndiyo maana ukikulamba unakukwaruza. Uzi ukishaingia mdomoni, vijiba vile vinausukuma ndani, hawezi kuutema. Ukifika kwenye utumbo unaukunja na kuukata. Uzi wenye sindano ni mbaya zaidi. Bobini, uzi na pini vikae kwenye kopo lenye mfuniko, sakafu ifagiliwe kila jioni, na cherehani ya miguu ichunguliwe chini kabla hujakanyaga pedali, kwa sababu ndipo wanapopenda kulala. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma ya paka usiuvute. Kuvuta kunaukata utumbo. Mkimbize kwa daktari wa mifugo. Vivyo hivyo mtoto wa paka akipitisha siku nzima bila kula, au akiharisha na kulegea, msisubiri kuona itakuwaje.

Nyumba yenye paka mkubwa tayari, msiwakutanishe usiku huo. Mwenyeji akae upande wake wa mlango, mgeni upande wake, na muwabadilishie vitambaa vya kulalia ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake kwanza. Kuonana kutakuja baada ya siku kadhaa.

Akifikisha miezi mitatu apelekwe kuchanjwa kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo unampata paka pia, na paka anaweza kumwambukiza mtu kwa kumng'ata au kumkwaruza. Mtoto aking'atwa au akikwaruzwa na paka asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja. Tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, na chanjo zikitangazwa mtaani naona watu wanakuja na mbwa tu, paka wamebaki nyumbani. Naomba wenyeviti wa mitaa wakipitisha tangazo wataje paka kwa jina, na waseme wabebwe kwenye vikapu.

Na wewe Mhariri, ukimpata daktari wa mifugo aliye tayari kujibu maswali ya wasomaji hata mara moja kwa mwezi, mpe nafasi. Watu wengi wanaofika dukani kwangu hawana ubaya moyoni, hawana tu wa kumuuliza. Ukurasa huo nitaukata na kuubandika ukutani, karibu na orodha ya bei za kushona, ambapo kila anayeingia atausoma.

Mshonaji,
Ngamiani, Tanga