Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwongozo Mpya wa Ganzi ya Njia ya Hewa

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha nazo. Semina za kila robo mwaka zilifanyika, mafunzo ya wauguzi wa chumba cha bronkoskopi (uchunguzi wa njia ya hewa kwa skopu, mrija mwembamba wenye kamera) yalifanyika, kamati ya utendaji ilikutana kama ratiba ilivyosema, na fomu mpya za kumbukumbu zilisambazwa. Wauguzi nawashukuru kipekee, maana ndio waliozijaza semina hizo.

Linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kamati, katika mwongozo mpya, kuiondoa lignokeini (dawa ya ganzi) ya nebulaiza, yaani ile inayovutwa kama mvuke kutoka kwenye mashine, katika utaratibu wa kawaida kwa wagonjwa wanaopewa dawa ya usingizi mwepesi. Najua umezua maneno. Wapo wanaosema mwenyekiti alijiamulia, na wapo wanaosema tunawanyima wagonjwa ganzi. Naanza na hili la pili, kwa kuwa ndilo linalomgusa mgonjwa.

Tumchukue mgonjwa wa kilo 60. Wengi wetu tulizoea kumpa nebulaiza ya mililita 4 za lignokeini ya asilimia 4, yaani miligramu 160. Puani jeli ya asilimia 2, mililita 5, miligramu 100. Kooni mipulizo 10 ya dawa ya asilimia 10, miligramu 100 nyingine. Skopu ikishaingia, mililita 2 za asilimia 2 zinapulizwa mara mbili juu ya nyuzi za sauti, kisha mara moja katika kila tawi kuu la mapafu, miligramu 160. Jumla ni 520, karibu miligramu 8.7 kwa kila kilo. Mwongozo wa Marekani wa 2011 unakomea 7 kwa kilo, yaani 420 kwa mgonjwa huyu. Ule wa Uingereza wa 2013 unaonya kwamba dalili za sumu huonekana mara kwa mara kipimo kinapovuka 9.6. Na hapo bado hatujamfikia mzee wa kilo 45, wala mwenye ini au moyo dhaifu ambaye mwili wake huchelewa kuiondoa dawa. Ondoeni nebulaiza, na dawa ya ndani ya skopu iwe ya asilimia 1 badala ya 2: mnabaki na 280, chini ya 5 kwa kilo.

Nimeambiwa kwamba sehemu kubwa ya dawa ya nebulaiza hupotelea hewani. Ni kweli, na ndiyo sababu mojawapo ya kuiacha, kwa kuwa hakuna anayejua ni kiasi gani kimeingia mwilini. Faida yake pia haikuonekana pale tulipoitarajia. Jaribio la Uswisi lililochapishwa 2005 lilikuwa na wagonjwa 150, wote wamepewa midazolamu, dawa ya usingizi mwepesi, pamoja na dawa ya kutuliza kikohozi. Waliovuta lignokeini na waliovuta maji ya chumvi walikohoa sawasawa. Jaribio la India la 2020, lenye wagonjwa zaidi ya 1,000 ambao hawakupewa usingizi kabisa, liliona mipulizo ya kooni ikiishinda nebulaiza.

Kuhusu kuichoma lignokeini kwa sindano mbele ya koo, chini ya kikoromeo, sikatai kwamba hupunguza kikohozi vizuri. Hatukuipiga marufuku. Mwongozo wetu mpya unairuhusu kwa aliyefundishwa, na unaikataza kwa mgonjwa mwenye tatizo la kuganda kwa damu au ambaye shingo yake haipapasiki vizuri. Waliosambaza habari kwamba imefutwa wasome ukurasa wenyewe.

Kinachonisukuma mimi ni usingizi wenyewe. Sumu ya lignokeini inapoanza, mgonjwa aliye macho atakuambia midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma, mdomoni kuna ladha ya chuma. Aliyepewa midazolamu hasemi. Dawa hiyo pia huzuia degedege, hivyo dalili ya kwanza mnayoiona inaweza kuwa mapigo ya moyo yaliyovurugika. Ndiyo maana nilisisitiza, na nitaendelea kusisitiza, kwamba muuguzi ataje jumla ya miligramu kwa sauti kila sindano inapochomekwa kwenye skopu, na kwamba emulsheni ya mafuta ya asilimia 20, dawa ya kutibu sumu hiyo, iwemo chumbani.

Tena kuna tabia ambayo nimeiona kila ninapokwenda kufundisha. Skopu imefika juu ya nyuzi za sauti, dawa imepulizwa, nyuzi zimejifunga kwa kikohozi, na mkono wa daktari hautaki kungoja. Anasukuma. Mgonjwa anakohoa zaidi, daktari anaagiza midazolamu nyingine, oksijeni inashuka. Mgonjwa yule hakukosa usingizi, alikosa dakika moja au mbili za kungoja ganzi ishike. Nebulaiza haiponyi haraka ya mkono.

Sasa kuhusu utaratibu wa uamuzi. Rasimu ilitumwa kwa kila mwanachama. Mkutano ukaitishwa, akidi haikutimia. Ukaitishwa tena, akidi haikutimia. Katiba inaipa kamati mamlaka ya kuamua mambo ya usalama wa mgonjwa katika hali hiyo, na kamati ikaamua kwa kauli moja. Kazi ya kuandika rasimu niliifanya mwenyewe, usiku, baada ya zamu. Nasikitika kwamba baadhi ya wanaolalamika leo ni wale ambao viti vyao vilikuwa vitupu siku hizo mbili, na hawakujibu rasimu hata kwa mstari mmoja. Nilihuzunika sana, kwa sababu baadhi yao ni mafundi hodari kuliko wengi wetu, na maoni yao yangetufaa.

Ada ni jeraha jingine. Waliolipa hawafiki nusu. Sanamu la kufundishia bronkoskopi limepasuka kwenye koo na halijatengenezwa, hivyo vijana wanajifunza kupuliza dawa kwa kutazama tu. Mweka hazina atasoma hesabu kamili. Majina ya wadaiwa sitayataja, ingawa nimeombwa kufanya hivyo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kulitengeneza sanamu hilo fedha zikipatikana, kukusanya fomu za vipimo vya lignokeini kutoka kwa wanachama wote, na Mungu akijalia kulinganisha kikohozi cha wagonjwa wetu chini ya mwongozo wa zamani na mpya. Mwenye pingamizi juu ya mwongozo alilete kwa maandishi, pamoja na takwimu za chumba chake, kabla ya mkutano mkuu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti