Mussolini hakuwa mfalme, mfalme alikuwepo na jina lake mliandike

Bwana Mhariri,

Asalam aleikum wewe na wote hapo ofisini. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Malindi na naandika juu ya ile makala yenu ya Wataliano na historia ya pwani, makala nzuri, watu wameisoma na kuijadili mpaka barazani, lakini mahali mmeandika "mfalme Mussolini" na hapo nimeshindwa kunyamaza. Mussolini hakuwa mfalme hata siku moja. Alikuwa waziri mkuu, na waziri mkuu ana mtu aliyempa kazi, na mtu huyo alikuwepo miaka yote ile, amekaa Roma anatia sahihi, jina lake Vittorio Emanuele wa tatu, wa ukoo wa Savoia. Na si nyinyi peke yenu, hapa mjini yeyote akizungumza Wataliano wa zamani ni Mussolini Mussolini, bichi boi atakwambia hivo na mwalimu wa skuli atakwambia hivo hivo. Mimi naona tunamuachilia mtu mkubwa sana, manake kwa katiba yao yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana, na yaliyotokea huko hayakuishia huko, yalifika mpaka Kismayu na yalifika mpaka hapa kwetu.

Ukoo wenyewe ni wa kale. Wa kwanza anayejulikana ni Umberto, waliyempa jina la Mikono Myeupe, karne ya 11, kule kwenye milima ya Alpi ambako leo Ufaransa na Italia na Uswisi zinakutana. Walikuwa watawala wadogo tu ila walishika njia za kupitia milimani, yani mwenye bidhaa zake au jeshi lake akitaka kuvuka lazima azungumze nao kwanza, na kwa kukaa katikati ya wakubwa wakajifunza kuegemea leo huku kesho kule. Mwaka 1416 wakapandishwa cheo wakawa maduki. Duki wa kwanza, Amedeo wa nane, baadae alichaguliwa hata kuwa papa wa kupingana na papa wa Roma, akakaa hivo miaka kumi kisha akaachia. 1563 makao yakahamishwa kutoka Chambéry kwenda Torino, na hapo ndipo macho yao yakageukia Italia. Cheo cha ufalme wakakipata 1713, walipopewa Sicilia baada ya vita vya nani arithi Uhispania, halafu 1720 wakalazimishwa kubadilishana, Sicilia wakaitoa wakapewa Sardinia, kisiwa maskini, lakini ufalme ni ufalme.

Sasa kanuni yao ilikuwa mwanamke harithi kiti. Mfalme Vittorio Emanuele wa kwanza alizaa mabinti wakabaki hai mabinti tu, ndugu yake Carlo Felice akashika baada yake naye hakuacha mtoto, kwa hivo 1831 kiti kikaruka kikaenda kwa Carlo Alberto wa tawi la Carignano, tawi lililotengana na wale wakubwa tangu miaka ya 1600, yani kuna jamaa wa mbali kabisa akawa mfalme na mabinti wa mfalme wapo. Sisi tuliokua tukisikia habari za Pate na Wanabahani, ukoo uliotawala kisiwa kile, na jinsi walivogombania kiti ndugu kwa ndugu mpaka wengine wakaishia Witu, tunaelewa kwamba jambo kama hilo lingeweza kumwaga damu, lakini pale lilipita salama.

Huyo Carlo Alberto ndiye namtaka msomaji amkumbuke, manake 1848 alitoa katiba, na katiba ile ilibaki kuwa ya Italia nzima mpaka mwisho wa ufalme. Ndani yake imeandikwa waziwazi kwamba mfalme ndiye anayechagua mawaziri na ndiye anayewaondoa, na mfalme ndiye amiri wa majeshi na ndiye anayetangaza vita. Mwaka uliofuata akapigwa na Waaustria pale Novara, usiku ule ule akamuachia mwanawe kiti akaondoka zake Ureno na hakumaliza mwaka. Lakini karatasi yake ikabaki, na kila nitakachosema huku chini kinarudi kwenye karatasi ile.

Mwanawe ni Vittorio Emanuele wa pili, aliyeunganisha Italia yeye na waziri wake Cavour na Garibaldi na mashati mekundu yake. Hapa wenzangu huchanganya, wanadhani Italia ilikuwa nchi moja tangu zama za Warumi. Haikuwa. Kulikuwa na Wabourbon, ukoo mwengine wa kifalme, kule Napoli na Sicilia, kulikuwa na maduki wa Toscana na Modena na Parma, kulikuwa na papa ana nchi yake, na wote hao waliondolewa ndani ya muda mfupi. Na bei ililipwa, 1860 Ufaransa ikapewa Nice na ikapewa Savoia yenyewe, yani nchi ya mababu waliyoitiwa jina la ukoo ndiyo iliyotolewa ili wapate Italia. 17 Machi 1861 akatangazwa mfalme wa Italia, na hakujiita wa kwanza, aliendelea kujiita wa pili, watu wa kusini wengi wakaona basi hatukuunganishwa, tumetekwa na Torino. Roma wakaichukua 1870.

Mtoto wake mwengine, Amedeo, aliombwa akawe mfalme wa Uhispania. Akaenda, miaka miwili akaona hakutawaliki, Februari 1873 akajiuzulu. Mtoto wake Luigi alizaliwa Madrid Januari ile ile, kazaliwa mtoto wa mfalme na kabla hajamaliza mwezi baba si mfalme tena. Huyu Luigi wekeni akilini, ntarudi kwake.

Tuje pwani. Alokuwa mfalme wa Italia 1892 ni Umberto wa kwanza, na mwaka huo Sultani wa Zanzibar aliwakodisha Wataliano bandari za Benadir, yani pwani ya Somalia, Mogadishu, Marka, Barawa na Warsheikh. Hizi ni bandari za watu wetu, Barawa mpaka leo wanazungumza Chimwiini, Kiswahili cha kwao, na majahazi ya Lamu na visiwa vya Wabajuni yalikuwa yakienda na kurudi huko kama mtu anavoenda sokoni. Umberto hakudumu, jeshi lake lilipigwa na Menelik, mfalme wa Ethiopia, pale Adwa 1896, na 1900 yeye mwenyewe akauliwa kwa risasi Monza. Akaingia mwanawe, Vittorio Emanuele wa tatu, ambaye ndiye hasa nimemuandikia barua hii. Katika utawala wake, 1905, Italia ikanunua moja kwa moja zile bandari zilizokuwa za kukodi. Sarafu za Somalia zikatengenezwa, rupia za fedha zenye kichwa chake. Na 1925 Uingereza ikakata Jubaland kutoka upande wa Kenya, na Kismayu ndani yake, ikawapa Wataliano, malipo ya kuingia upande wao katika vita vya kwanza. Hakuna mtu wa Kismayu aliyeulizwa. Mbajuni mwenye ndugu Kiunga na ndugu Kismayu akaamka mpaka umepita katikati ya familia yake, na aliyepewa ile nchi kwenye makaratasi ni mfalme wa Italia.

Na Mussolini je? Oktoba 1922 wafuasi wake, mafashisti, walikuwa njiani kwenda Roma, waziri mkuu Facta akampelekea mfalme amri ya kutangaza hali ya hatari ili jeshi liwazuie. Mfalme akakataa kutia sahihi. Badala yake akamuita Mussolini akamwambia unda serikali. 1924 mbunge Matteotti akauliwa na mafashisti, nchi nzima ikashtuka, watu wakamtazama mfalme amuondoe yule bwana, katiba ya babu wa baba yake inamruhusu, hakufanya kitu. Ikaja vita vya Ethiopia 1935, sumu ikarushwa kwa ndege juu ya watu, na ilipoisha, 9 Mei 1936, mfalme akakubali kuitwa Kaizari wa Ethiopia. 1938 akatia sahihi sheria za kuwabagua Mayahudi. 1939 akaongezewa ufalme wa Albania. Juni 1940 vita vikatangazwa, na mwaka huo huo ndege za Wataliano ziliangusha mabomu hapa Malindi, mji ambao leo tunakula pizza zao. Nisomee mwenyewe Bwana Mhariri, ni wapi hapo ambapo sahihi yake haikuhitajika?

Na ushahidi kwamba uwezo alikuwa nao ni huu, kwamba mwishowe aliutumia. 25 Julai 1943, Waingereza na Wamarekani washateremka Sicilia, alimuita Mussolini akamwambia kazi yako imekwisha, na yule alipotoka nje akakamatwa. Siku moja tu ilitosha. Miaka 21 ilipita na siku ile ilikuwa inangoja. Septemba walipotangaza kuacha vita mfalme na familia yake wakatoka Roma wakakimbilia Brindisi, jeshi likabaki halina amri, Wajerumani wakaingia. Hilo Wataliano wengi hawakumsamehe.

Nilisema ntarudi kwa Luigi. Yeye alikuwa Duki wa Abruzzi, mpanda milima mkubwa, 1906 ndiye aliyefika vilele vya Ruwenzori akakipa kile kirefu kuliko vyote jina la Margherita, mke wa mfalme Umberto. Baadae akaanzisha mashamba kando ya mto Shebelle Somalia, na alipoona anaumwa sana akataka afie huko huko, akafa 1933 akazikwa pale Jowhar. Mtoto wa ndugu yake, Amedeo Duki wa Aosta, alipelekwa Ethiopia mwisho wa 1937 kuwa makamu wa mfalme baada ya jenerali Graziani na mauaji yake ya Addis Ababa. Mei 1941 alizingirwa Amba Alagi akasalimu amri, Waingereza wakamleta Kenya mfungwa wa vita, na Machi 1942 akafa Nairobi kwa malaria na kifua kikuu, na leo kaburi lake liko Nyeri kwenye kanisa la kumbukumbu la Wataliano. Mjukuu wa mfalme wa Uhispania, Bwana Mhariri, kazikwa Nyeri, na watoto wetu wanapita barabara ile na basi la skuli hawaambiwi. Aliacha mabinti wawili, kwa hivo cheo kikaenda kwa ndugu yake Aimone, ambaye 1941 alitajwa mfalme wa Croatia na hakukanyaga huko hata siku moja.

Mwisho ulikuwa haraka. Mfalme mzee alijiuzulu 9 Mei 1946, tarehe ile ile aliyojiita kaizari miaka kumi nyuma, akaenda Misri akafa Alexandria 1947. Mwanawe Umberto wa pili akatawala mwezi mmoja na kidogo. 2 Juni wananchi wakapiga kura, mara ya kwanza wanawake kupiga kura ya nchi nzima, jamhuri ikapata kura kama milioni 12.7 na ufalme milioni 10.7, kaskazini wanataka jamhuri, Napoli na kusini wanataka mfalme, ingawa kusini ndiko walikolalamika mwanzo kwamba wametekwa. Umberto akaenda Ureno akaishi Cascais mpaka akazeeka, akafa Geneva 1983. Katiba mpya ikawakataza wafalme wa zamani wa ukoo ule, wake zao na wanaume wa uzao wao kukanyaga Italia, na marufuku ile iliondolewa 2002 tu. Hata hapo wakagombana wao kwa wao nani mkuu wa nyumba, tawi la mfalme au tawi la Aosta, na 2021 kijana wao Emanuele Filiberto akaomba msamaha kwa Mayahudi kwa ile sahihi ya 1938. Nilisoma habari ile nikafurahi, kisha nikajiuliza na wa Ethiopia na Wasomali nani atawaandikia.

Kwa hivo naomba mambo mawili. Kwanza mrekebishe ile makala, andikeni waziri mkuu Mussolini na mfalme Vittorio Emanuele wa tatu, wote wawili, kila mmoja na kazi yake. Pili, mtume mwandishi wenu visiwani, Faza, Kizingitini, Kiunga, azungumze na wazee ambao baba zao walikuwa wakienda Kismayu na Barawa enzi zile, manake wanaojua wanapungua, na kama kuna nyumba ambayo bado imehifadhi zile rupia zenye kichwa cha mfalme kwenye kasha la bibi, mwenyewe aombwe azipeleke makumbusho ya Lamu zipigwe picha na ziandikwe zilipatikana vipi, kisha arudishiwe.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Malindi