Barua kwa Mwanaidi: Lusajo na kimbunga cha 1872

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi, shoga yangu. Bibi hajambo? Sisi wazima, ila baridi ya Juni imetukaba.

Zile karafuu ulizotutumia zimezua mambo. Nilimsimulia Lusajo kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872, kilivyong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu za Sultani Barghash bandarini. Asubuhi nikamkuta kaelesha ganda la parachichi kwenye beseni, kijiti ndiyo mlingoti, anapuliza mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Likizama, analiopoa na kupuliza kutoka upande wa pili.

Sasa anaandika hadithi. Katafuna karafuu, ulimi umekufa ganzi, kufumbua macho yuko jahazini kati ya Unguja na Pemba, siku moja kabla. Mawimbi ni ya Matema, kule Ziwa Nyasa, maana bahari hajaiona. "Shikamoo babu, kesho upepo utang'oa miti." Nahodha anacheka, tangu azaliwe hajaona kitu hicho. Na angeaminije? Vimbunga kwa kawaida hupita kusini zaidi. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huwa hauna nguvu ya kuuzungusha upepo hivyo.

Usiku tanga linatuliwa, wanamwaga maji kwa ndoo. Ghafla, kimya. Mabaharia wanashukuru Mungu, wanataka kutweka tanga. Mwanangu anapiga kelele: "Msitweke! Hili ni jicho lake, upepo utarudi upande wa pili!" Nilisoma nimesimama jikoni, uji ukaungua.

Wanaokoka, wanatia nanga Pemba, ambako mikarafuu mingi imesalimika, na nahodha anapakia miche aipeleke Unguja. Hapo Lusajo akaniuliza mkarafuu huchukua muda gani kuzaa. Nikamwambia miaka kama saba. Akanyamaza, kisha akachukua kifutio. Nahodha ni mzee mno, alisema. Miche akampa mtoto wa jahazini, rika lake.

Nakuomba sana, niulizie kwa bibi na wazee wa bandarini: jahazini miche hufunikwaje isiunguzwe na maji ya chumvi? Ameacha mistari minne wazi kwenye daftari, hataki nimbahatishie.

Wako,
Mama Lusajo